Paka wako alale nje au ndani? Mwongozo kamili wa usiku

Jibu kwanza, maelezo baadaye: mchana mwache azurure kama mtaa wako unaruhusu, usiku alale ndani. Mlango ufungwe magharibi, ufunguliwe jua likishachomoza. Wapo paka ambao utaratibu huu hauwafai, nitawafikia huko chini, lakini kwa paka wa kawaida wa nyumba ya Sinza, Nyali au Mwanakwerekwe hilo ndilo ningemwambia ndugu yangu.

Najua wengi wetu tumekulia nyumba ambazo paka hakuwa na ratiba. Alikula makombo, akapenya dirishani, akarudi alfajiri. Wengine walirudi hivyo miaka na miaka. Wengine hawakurudi, na watoto wakaambiwa amehamia kwa jirani.

Huko nje usiku kuna nini

Watu hudhani paka ni mnyama wa usiku wa manane. Kwa kweli saa zake za kuchangamka ni mbili: giza linapoingia na kunapopambazuka. Ndizo saa ambazo bodaboda zinakimbizana na madereva hawaoni vizuri. Ndizo pia saa za mbwa. Mbwa wa ulinzi hufunguliwa jioni, na mbwa koko huanza kutembea kwa makundi barabara zikitulia. Paka mmoja dhidi ya mbwa mmoja atapanda ukuta akamdharau. Dhidi ya mbwa watano hana ujanja.

Kisha kuna paka wenzake. Kila mtaa una paka shume wake, kichwa kikubwa, sikio limechanika, na usiku ndipo anapokagua mipaka. Ugomvi wa paka unatisha kwa kelele, lakini madhara yake huja kimya. Jino la paka ni jembamba na refu, linaingiza uchafu ndani ya nyama kisha tundu linajifunga. Siku mbili mpaka nne baadaye unaona paka amevimba shavu, mguu au shina la mkia, ana homa, hali chakula. Hilo ni jipu, na linahitaji kupasuliwa, kusafishwa na kutibiwa kwa dawa. Kung'atana ndiyo njia kuu ya kuenea kwa virusi vya upungufu wa kinga ya paka, ugonjwa usio na tiba. Binadamu haambukizwi, kwa hiyo usimfukuze paka ukiambiwa anao.

Kichaa cha mbwa nacho kinawahusu, usidanganywe na jina. Paka aliyeng'atwa na mnyama mwenye kichaa anaweza kuugua na kumwambukiza mtu. Akikung'ata au kukukwaruza paka usiyemjua, au wako aliyebadilika tabia ghafla, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Ila kama ningetakiwa kutaja hatari moja tu ya mitaa yetu, ningetaja sumu ya panya. Nyingi kati ya hizi huzuia damu isigande. Panya aliyeila hafi palepale. Huzubaa siku kadhaa, anatembea kwa kuyumba hadharani. Hakuna windo rahisi kama hilo. Paka anamla, na siku tatu mpaka tano baadaye anaanza kulegea: analala sana, anahema kwa shida, ukimfunua mdomo fizi zimekuwa nyeupe badala ya rangi ya waridi, wakati mwingine damu inatoka puani au kwenye choo. Hii inatibika kwa vitamini K1 kwa daktari wa mifugo, mradi umewahi. Sumu nyingine ni zile zinazouzwa kwenye vipakiti visivyo na jina. Hizo hazisubiri: mate yanamtoka, anatetemeka, anakakamaa, na muda wa kumwokoa unahesabika kwa dakika. Fungia paka wako vyovyote utakavyo, panya wa jirani bado ataingia kwako. Lakini paka anayelala ndani hukutana na wachache kuliko anayekesha jalalani.

Watu pia. Paka akilia juu ya bati saa nane usiku, hasa mweusi, kuna majirani hawafikirii paka, wanafikiria aliyemtuma. Jiwe linarushwa, au maji ya moto. Huwezi kumbadilisha jirani kwa mahubiri, unaweza kumtoa paka wako kwenye bati lake.

Mwisho ni wanyama pori, na hapa inategemea unapoishi. Kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, upande wa Karen, Lang'ata na Rongai, chui na fisi ni majirani wa kweli. Penye vichaka na mabonde kuna chatu. Kwenye maeneo yenye unyevu, msimu wa mvua, kuna siafu, na hawa nitawarudia kwa sababu wanabadilisha kabisa ushauri wa wapi pa kumfungia paka.

Ukiwa karibu na pori, paka wako naye ni tatizo. Anazaana na kimburu, yule paka pori ambaye ndiye asili ya paka wote wa nyumbani, na damu ya kimburu inachujuka. Na anaua mijusi, ndege na vinyonga bila kuhitaji kula. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulikadiria kuwa paka nchini humo huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, wengi wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Jiji la Canberra, Australia, liliweka sheria kwamba paka waliozaliwa kuanzia Julai 1, 2022 wazuiliwe ndani ya makazi ya wenyewe mchana na usiku. Sisi hatujafika huko, na sidhani tunahitaji kufika.

Hoja tatu utakazoambiwa

"Nani atakamata panya?" Huyohuyo. Panya wanaokusumbua wako wapi usiku? Jikoni, stoo, darini. Paka anayelala ndani analala pale panya walipo. Na usimnyime chakula ili awe mkali: hamu ya kuwinda haitokani na njaa peke yake, paka aliyeshiba bado atamvizia panya akimsikia. Aliyeshinda njaa ataacha panya aende jalalani kwenye vichwa vya samaki.

"Kumfungia paka ni dhambi." Pwani hoja hii huja mapema, kwamba yupo mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hadithi hiyo ya Mtume ipo, kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim, lakini isikilize mpaka mwisho: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Paka aliyeshiba, mwenye maji na pa kujisaidia, anayefunguliwa kila asubuhi, sioni anaingiaje humo. Moyo ukiwa bado na wasiwasi muulize sheikh wako, mimi ni mfuga paka tu.

"Ndani kuna joto." Hii ndiyo hoja nzito kati ya zote, hasa nyumba ya bati isiyo na dari, Dar, kuanzia Desemba mpaka Machi. Jibu lake ni kuchagua chumba vizuri.

Hatua ya 1: mhasi kwanza

Usianze na mlango, anza na daktari. Dume asiyehasiwa atakesha akikwaruza mlango kwa sababu amenusa jike mitaa mitatu mbele. Jike akihitaji dume atalia usiku kucha mpaka wewe mwenyewe umfungulie, na utajuta: jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba ni takribani siku 63 mpaka 65. Kuhasi dume na kufunga kizazi jike hufanyika kuanzia miezi minne mpaka sita. Ni upasuaji wa kawaida, jike hukaa ndani siku kumi hivi kidonda kikauke. Mkoa usiokuwa na kliniki ya wanyama wadogo, ulizia ofisi ya mifugo ya wilaya ni daktari gani anafanya paka, maana si kila anayetibu ng'ombe atakubali.

Siku hiyohiyo maliza chanjo. Ya kichaa hutolewa kuanzia miezi mitatu, inarudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Omba na ile ya mchanganyiko inayokinga ugonjwa wa kuhara damu wa paka na mafua yao. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu kwa paka anayewinda. Ya viroboto, hakikisha imeandikwa ni ya paka. Dawa ya mbwa yenye permethrini inaua paka.

Hatua ya 2: chagua chumba

Si lazima nyumba nzima iwe yake. Chumba kimoja kinatosha: stoo yenye dirisha, korido, sebule. Kaa chini sakafuni usawa wa paka uangalie. Nondo za dirisha zinampitisha bila shida. Wavu wa mbu wa plastiki ataupasua usiku mmoja akiamua, kwa hiyo upande wa ndani funga wavu wa waya wenye matundu madogo, uukaze kwenye nondo kwa waya wa kufungia. Hapo dirisha linabaki wazi, hewa inapita, joto linapungua. Sakafu ya saruji au vigae ina ubaridi wake, mwache ajilaze. Usihangaike kumtandikia blanketi Dar. Njombe au Limuru, ndiyo, boksi na nguo kuukuu.

Angalia juu pia. Tundu la dari lisilo na mfuniko ni mlango: atapanda darini, atapita chini ya paa na kutokea kwa mpangaji mwenzako.

Jikoni hapafai kama kuna jiko la mkaa lenye moto uliofunikwa. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua paka kama inavyoua watu.

Na sasa siafu. Wengi wakisikia "usimwache nje" huenda kwa fundi wakachongesha kibanda cha wavu uani, wakamfungia humo. Penye siafu hilo ni kaburi. Sungura na kuku wanaokutwa bandani wanaliwa wakiwa hai, na paka aliyefungwa hawezi kukimbia kama aliye huru. Kama huna nafasi ndani na kibanda ni lazima, kisimame kwa miguu, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, majani na kamba zisikiguse kutoka upande wowote, na kiwe dirishani kwako ambapo utasikia akilia. Mimi ningetafuta nafasi ndani.

Hatua ya 3: choo

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na sababu ni kwamba hawakuandaa choo wakamlaumu paka. Beseni pana la plastiki, kina cha vidole vinne hivi, mchanga mkavu wa kutosha kufukia. Mchanga wa ufukweni uoshe chumvi kwanza. Maranda ya mbao yanafaa na yanapunguza harufu. Pumba za mpunga nazo sawa ila zinatawanyika. Majivu usiweke, yanaunguza nyayo na pua. Weka beseni kona ya mbali na chakula, hakuna paka anayejisaidia penye sahani yake. Paka wawili wapewe mabeseni matatu. Najua inaonekana ni anasa, jaribu kwanza.

Ondoa kinyesi kila asubuhi. Si suala la harufu tu: vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka kwenye choo cha paka huhitaji siku moja mpaka tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinachotupwa mapema kinatupwa kikiwa hakina nguvu. Mjamzito asiishike kazi hii kabisa, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni.

Hatua ya 4: hamishia chakula kikuu jioni

Huu ndio moyo wa mpango wote. Paka haingii ndani kwa kuitwa, anaingia kwa tumbo. Kama unampa chakula kingi asubuhi na makombo jioni, geuza: asubuhi kidogo, mchana hakuna, jioni sahani kamili, ndani ya chumba chake, saa ileile kila siku. Adhana ya magharibi ni kengele nzuri kwa anayeisikia. Jua letu halibadiliki sana. Kwa Dar tofauti ya machweo ya Juni na ya Februari haifiki saa nzima, paka hujifunza haraka. (Aliyeko London hana bahati hiyo: Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, Juni linazama baada ya saa tatu usiku. Huko shika saa ya ukutani na taa ya sebuleni.)

Gonga sahani kwa kijiko kabla ya kuiweka, kila siku mlio uleule. Baada ya wiki mbili mlio huo utamtoa hata kwenye mwembe wa jirani.

Ugali wenye mchuzi wa dagaa unamshibisha bila kumlisha. Paka ni mla nyama. Dagaa wachemshwe bila chumvi wala kitunguu wawe wengi kuliko ugali, siku nyingine maini kidogo, utumbo, nyama ya vichwa vya kuku vilivyochemshwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa itoe. Maziwa usimpe jioni, paka wengi wakubwa hayawakai tumboni, na choo cha kuharisha kwenye chumba kilichofungwa utakisafisha wewe. Maji yawepo usiku kucha.

Kabla ya kula, mchezeshe dakika kumi kwa kamba yenye unyoya au kitambaa mwishoni. Sio mambo ya kizungu. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2021 ulionyesha paka waliochezeshwa dakika tano mpaka kumi kwa siku walileta mawindo pungufu kwa asilimia 25, na waliopewa chakula chenye nyama nyingi, pungufu kwa asilimia 36. Akiwinda kamba, akala, atajilamba na kulala. Mfuatano huo uko kwenye mwili wake.

Hatua ya 5: usiku wa kwanza

Mfungie wakati anakula, usisubiri amalize. Zima taa, ondoka.

Atalia. Atakwaruza mlango. Paka aliyezoea kutoka anaweza kulia saa nzima, akapumzika, akaanza tena saa kumi alfajiri. Waambie majirani mapema, hasa kama mnatenganishwa na ukuta mmoja. Kisha usifungue. Mchelea mwana kulia hulia yeye: ukifungua baada ya saa moja ya kelele, umemfundisha kwamba bei ya mlango ni saa moja, na kesho atalipa bila shida. Usimpige, usimwagie maji, usimkaripie kupitia mlangoni; kwake hata karipio ni jibu.

Kawaida kelele hupungua ndani ya wiki. Paka mzee aliyetoka nje maisha yake yote anaweza kuchukua mwezi, na kwa huyo nenda taratibu: mfungie kwanza kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku umtoe, wiki inayofuata mpaka saa sita, halafu mpaka asubuhi.

Kitakachokuambia kuna tatizo lisilo la mazoea ni dume anayechuchumaa kwenye beseni mara kwa mara na mkojo hautoki. Njia imeziba. Huyo hatakiwi kungoja kesho.

Hatua ya 6: asubuhi

Fungua jua likishatoka na msongamano wa kwanza wa bodaboda umepungua, na fungua akiwa amenyamaza, hata kama ni kwa nukta chache. Mpitishe mikono mwili mzima kabla hajatoka: uvimbe, kidonda, kupe masikioni. Ukimkuta na homa au maumivu usimpe Panadol. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kuua paka mzima.

Mwenye gari apige boneti kofi mbili kabla ya kuwasha. Wa kwako amelala ndani, lakini wa jirani huenda alifuata joto la injini.

Wasiofaa kufungiwa

Paka wa gengeni, wa ghalani, wa sokoni, waliokua bila kushikwa na mtu, usiwaingize ndani kwa nguvu. Hofu itawamaliza. Hao wahasiwe, wachanjwe, walishwe sehemu moja, warudi walikotoka. Paka wa vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe wengi ni wa aina hii, ni wa mtaa mzima. Na mpangaji wa chumba kimoja anayelala na watoto wanne hahitaji kulaumiwa: mhasi, mchanje, mlishe jioni, muwekee boksi juu ya ukuta au kibarazani pasipofikiwa na mbwa, hapo umeshapunguza hatari nyingi.

Paka mgeni, aliyehamishwa nyumba au kupewa juzi, ni kinyume chake: ndani mchana na usiku kwa wiki tatu, mpaka ajue sahani yake iko wapi.

Asiporudi jioni

Usingoje siku tatu. Wengi hupatikana ndani ya mita 500, mara nyingi wamejifungia. Gonga sahani kwenye mlango ule anaoutumia. Waombe majirani wafungue stoo, mabanda, magari yaliyoegeshwa na nyumba inayojengwa. Rudi tena usiku watu wakilala, ukiwa na tochi uliyoishika usawa wa macho yako: macho ya paka yatawaka hata akiwa chini ya mtaro, na paka aliyeumia hunyamaza mchana. Toa nje kitambaa anacholalia, mlango uache wazi alfajiri. Kama amevaa mkanda, uwe wa aina inayofunguka ikivutwa, na namba ya simu iandikwe juu yake kwa wino usiofutika. Kamba ya kawaida shingoni humnyonga akinasa kwenye nondo.